Kichujio cha metali nzito: uliza kitajaa lini

Wasomaji wananiletea lalamiko lilelile: kichujio ni kipya, maji ni matamu, lakini kipimo cha maabara kinaonyesha risasi, ile metali nzito yenye sumu, bado imo. Mara nyingi walichouziwa ni kaboni amilifu (mkaa uliotengenezwa kunasa uchafu) ya chengachenga, inayoondoa klorini na harufu vizuri lakini risasi huinasa kidogo tu. Ulimi hauonji risasi wala arseniki.

Umbo la mtungi na kasi ya maji naviacha. Linaloninyima usingizi ni kujaa. Kila kinasio, yaani kitu kilichomo ndani ya kichujio kinachonasa metali, kina nafasi zake za kushika metali. Zikiisha, metali hupita na maji hubaki kung'aa vilevile. Kwa arseniki, resini ya kawaida ya kubadilishana ayoni (punje za plastiki zinazoshika chembe zenye chaji na kuachia nyingine) ndiyo ya kuogopwa. Hiyo huipenda zaidi salfeti, chumvi iliyomo kwenye maji, kwa hiyo ikishajaa, salfeti inayozidi kuingia huing'oa arseniki iliyokwisha kunaswa. Maji yanayotoka yanaweza kuwa na arseniki nyingi kuliko yaliyoingia!

Ndiyo maana kwa arseniki naiweka Bayoxide E33 mbele ya zote, na sifichi upendeleo wangu. Ni chembe za oksidi ya chuma. Huishika arseniki kwa nguvu na salfeti haiibabaishi sana. Adui zake ni fosfeti, silika na pH ya juu (maji yaliyoelemea ubesi), basi pima maji yako kwanza.

Kwa risasi, chukua kaboni iliyoshindiliwa yenye cheti cha NSF/ANSI 53, kiwango cha Marekani cha vichujio vinavyoondoa vitu vyenye madhara kwa afya. Maji ya majaribio huwa na mikrogramu 150 za risasi kwa lita, na yanayotoka hayaruhusiwi kuzidi 5. Kichujio kisicho na kiashirio cha kujaa hupimwa hadi mara 2 ya ujazo uliotangazwa. Hapo ndipo nilipokipendea cheti hiki.

Resini za kelati (zinazoibana metali kama koleo), mfano Lewatit TP 207, zinafaa zaidi maji taka ya viwandani yenye shaba au nikeli. Zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo, ni za bei nafuu, ila kwenye maji magumu kalisi huzijaza nafasi zake.

Wauzaji nao wanakera. "Huondoa 99%": ya metali ipi, baada ya lita ngapi? Wengine wanakuonyesha cheti cha NSF/ANSI 42, ambacho kinahusu ladha, harufu na klorini. Kisha kwenye boksi wanaandika "badilisha baada ya miezi 6", kana kwamba mtu anayeishi peke yake na familia ya watu wanane wanachuja maji sawa. Kinachojaza kichujio ni lita na kiasi cha metali kilichomo, na lita hizo hawaziandiki.