Latitude 5490: taa inayotaja ugonjwa, na kitabu chake ni bure

Wadau, karibuni tena Mwanjelwa! Baridi ya Mbeya leo haina utani, ndiyo maana nimevaa koti. Mezani nina Dell Latitude 5490, mtumba wa laki sita na nusu. Prosesa na kioo mnavijua, navipita. Nimeileta kwa sababu ya hii taa ndogo ya betri. Naipenda kupita kiasi!

Ngoja niwaonyeshe. Nafungua mfuniko wa chini, nachomoa waya wa betri, natoa RAM zote, yaani vile vibao vya kumbukumbu, narudisha betri. Nawasha. Kioo cheusi. Fundi mwenye haraka hapo hapo anasema mazabodi, ile bodi kuu, imekufa. Sogeza kamera. Hesabuni nami: chungwa moja, mbili... inapumzika... nyeupe moja, mbili, tatu. Inarudia tena. Mbili kwa tatu. Maana yake mashine haioni RAM.

Nimejuaje? Geuza laptopu, kuna namba ya huduma yenye herufi na tarakimu saba. Iandike kwenye tovuti ya msaada ya Dell, fungua nyaraka, pakua mwongozo wa modeli hii. PDF, hulipi hata shilingi. Nenda sehemu ya taa za uchunguzi. Mbili kwa moja ni prosesa, mbili kwa saba ni kioo, tatu kwa moja ni betri ya saa, ile ya mviringo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri: msichukue jedwali la mashine nyingine! OptiPlex, zile Dell za mezani, zina jedwali lake, na mpigo ule ule unaweza kutaja kitu kingine kabisa. Zile picha za majedwali mnazotumiana WhatsApp bila jina la modeli, zifuteni.

Nasema hivi kwa uchungu. Mama mmoja anayetunza hesabu za ushirika wa kahawa Mbozi aliambiwa na fundi anunue mazabodi mpya. Alipokuja kwangu taa ilikuwa inapiga mbili kwa tatu, hii hii. Nilisugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, nikaikandamiza vizuri, ikawaka. Hesabu za msimu mzima zilikuwa humo ndani.

Mtaniuliza HP. HP za kazini nazo zina mpigo, nyekundu halafu nyeupe, na vitabu vyao vya mafundi ni bure pia. Tatu kwa mbili, anza na RAM. ThinkPad mpya zinaimba, unafungua programu ya Lenovo kwenye simu isikilize wimbo ikupe namba ya kosa. Ni ubunifu mzuri sana, ila sokoni hapa spika ya jirani haizimwi, kwa hiyo mimi kura yangu ni taa.

Turudi kwa Dell. Ikiwaka lakini inasumbua, bonyeza F12 wakati wa kuwasha, chagua uchunguzi. Ukiona 2000-0142, diski imefeli kipimo chake: hamisha mafaili kwanza, mengine baadaye.

Wa Iringa, wiki ijayo nipo Miyomboni, leteni mashine zilizozima tuhesabu taa pamoja. Na mnaouliza kama hii inauzwa: hapana, nafundishia vijana. Haya, narudisha RAM... imeingia. Nawasha. Nembo hiyo hapo!