Sola ya kijiji: nyumbani kwangu na msikitini, mwaka wa kwanza

Wengi mnaniuliza kuhusu huu umeme wa sola ya kijiji, mjiunge au msijiunge. Mimi nimejiunga mara mbili, nyumbani na pia msikitini maana pesa za msikiti nazishika mimi, tuko kisiwani huku Namayingo, Uganda, na nguzo za serikali hazijatufikia, kampuni ikaja ikaweka sola kubwa na betri zake ikavuta waya mpaka kwa watu, unatuma pesa kwa simu unapata tokeni, namba za kuingiza kwenye mita.

Nyumbani nasema alhamdulillahi. Zamani ni mafuta ya taa kila jioni halafu simu unaipeleka dukani kuchaji shilingi 500, sasa watoto wanasoma bila moshi machoni. Unit ni ghali kuliko ya bara, hilo mjue mapema, lakini angalia unachochomeka: taa zangu tatu za wati 7 zikiwaka masaa matano kila usiku, unit moja inanifikisha siku tisa, ila pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja. Tumerudia pasi ya makaa.

Msikitini ndiko nilikojifunza. Tulichanga tukaingiza mita moja, basi Ramadhani tokeni ikakatika katikati ya tarawehe, giza tii, imamu akaendelea kusoma na sisi tumesimama hivyo hivyo. Baadaye naangalia nyuma nakuta simu kama ishirini zimechomekwa na birika la umeme la maji ya chai! Sikumlaumu mtu, hatukuwa tumekubaliana kitu. Sasa soketi ni moja tu ya amplifaya, na Ijumaa kuna kisanduku cha tokeni peke yake hakichanganywi na sadaka nyingine. Taa ya nje nayo tunazima baada ya Isha, wale wadudu wa ziwani wakiiona wanakuja kama moshi, asubuhi unafagia ndoo nzima.

Kinachoniuma ni alfajiri. Mvua za mwezi wa nne mawingu yakikaa siku mbili tatu betri zinaisha usiku, umeme unakatwa saa kumi hivi na adhana inatolewa kwa mdomo tu, wazee wa upande wa mwaloni, kule boti zinakofikia, hawaisikii. Nimepiga simu mara nne, fundi anakaa bara mpaka apate boti. Kwa hiyo kabla hamjalipa waulizeni fundi analala wapi na mawingu yakikaa siku tatu inakuwaje.

Sisi tumeanza kuchangia betri ndogo ya amplifaya, tumefika nusu.