Amlodipini au nifedipini: ipi kwa presha yako?

Kwenye maduka ya dawa hapa Moshi swali hili haliishi. Dawa hizi ni ndugu. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli, nayo hujikaza kalisiamu inapoingia ndani ya seli kupitia vijilango vidogo sana. Zote mbili huziba vijilango hivyo: misuli inalegea, mshipa unatanuka, presha inashuka.

Zinapoachana ni kwenye muda. Amlodipini haina haraka. Nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kutoka mwilini, kwa hiyo kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Mama yangu mdogo, anayeshuka na ndizi zake kutoka Marangu alfajiri, hata akikisahau mpaka jioni presha haimrukii. Nifedipini ya kawaida nusu yake huisha kwa saa 2 hivi, ndiyo maana hutengenezwa vidonge vya kuachia dawa taratibu, vingine vya asubuhi na jioni. Usivitafune wala kuviponda, maana dawa yote itaingia kwa mkupuo. Nimewahi kumkuta mzee akikisaga kwa kijiko ili kishuke na uji. Nilishtuka kweli.

Kwa mjamzito, nifedipini inaongoza; imezoeleka zaidi kliniki. Kuvimba vifundo vya miguu? Zote mbili, msidanganyane.

Basi msahaulifu na mtu wa safari aulizie amlodipini. Mwenye mimba, au anayeitafuta, amwambie daktari kabla hajaandikiwa chochote.