TAHADHARI: Muuza magitaa wa Ngamiani na "vidole vitazoea" yake

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mnaotaka kumnunulia mtoto gitaa la kuanzia, naomba msome hadi mwisho kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna kijana anauza magitaa kwa WhatsApp. Hana duka. Picha anayotuma ni ya gitaa la rangi ya asali lililolazwa juu ya khanga ya bluu, na maneno yake ni "laini, la mwanafunzi, mtoto hapati shida." Nilimtafuta kwa ajili ya binti wa kaka yangu, ana miaka 12, ambaye tangu hajaanza shule anapiga ngoma kwenye ndoo za mama yake.

Tulikutana Ngamiani pembeni ya barabara, jua la saa saba. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko. Nikamwomba alitoe mtoto alishike, akasema anawahi basi Kange, nitume hela tu. Nikatuma laki moja na themanini. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri halikuwa alilonitajia. Akasema ni laini ya mke wake. Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, na hapo ndipo ninapowaomba msimame: jina likiwa tofauti, usiweke namba ya siri.

Siku ya tatu vidole vya mtoto vilikuwa vimechorwa mistari myekundu, na cha shahada kimechanika. Nikampigia. "Dada, vidole vitazoea. Sote tulilia mwanzoni."

Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko hela, kwa sababu nusu yake ni kweli. Anayeanza gitaa ncha za vidole humuuma wiki chache, mpaka ngozi ikomae. Yule kijana anajua kwamba hata sisi tusiopiga tumeshasikia hivyo, basi anauficha ubovu wa gitaa humohumo. Nasi tukamhimiza mtoto avumilie. Wiki ya tatu akaniambia, "Shangazi, mimi sina kipaji," akalisimamisha gitaa nyuma ya kabati.

Tanga haina uhaba wa watu wa gitaa. Huu ndio mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ukiulizia mtaani utaelekezwa kwa mzee fulani aliyewahi kupiga dansi. Mimi nilielekezwa kwa mmoja Makorora. Hakulipiga kwanza. Alilishika kwa mwisho wa mwili, akafumba jicho moja na kuangalia urefu wa shingo kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Imepinda. Akaomba rula, mtoto akatoa ya kwenye mkebe wake wa hesabu. Pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi mnene, palikuwa na milimita 7. Gitaa la nyuzi za chuma lililowekwa vizuri huwa na 2 hadi 3 hapo; la nailoni 3 hadi 4. Mtoto alikuwa anasukuma uzi wa chuma mbali kiasi hicho kwa kidole cha miaka 12.

Kisha akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha chini ya daraja, yaani ile mbao iliyogundishwa tumboni inayoshika nyuzi. Kikaingia. Pembeni palikuwa na alama nyeupe za supaglu iliyokauka.

Maelezo yake ni haya. Lile ni gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, zile zinazofanana na mshipi wa kuvulia. Utalitambua kwa kichwa chenye matundu mawili marefu na shingo pana, karibu milimita 52 kule juu, wakati mengi ya nyuzi za chuma huwa karibu 43. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi zote pamoja. Za chuma hufika kilo 70 na zaidi. Mtu akifunga chuma kwenye gitaa la nailoni, tumbo linafura, daraja linabanduka, shingo inavutwa, na nyuzi zinazidi kupanda juu. Yule kijana alifunga chuma ili gitaa lilie kwa sauti kali, akabandika supaglu, akaliita laini.

Halafu mzee akamwambia mtoto, "Hebu shika langu." La kwake ni la nailoni, kuukuu, limechubuka rangi. Akabana, akapiga, uzi ukalia safi. Akanigeukia bila kusema neno. Mimi ndiye niliyelia.

Kwa hiyo, ukienda kununua, mtoto aende nawe na akae chini na gitaa dakika kumi. Bega la kulia lisipande, mkono ufike kwenye freti ya kwanza bila kunyooka kama anaokota kitu. Mwili ukiwa mkubwa mno kwake, tafuta la robo tatu, ambalo nyuzi zake ni za urefu wa sentimita 58 hivi badala ya 65. "Atakua" si sababu ya kumtesa leo. Bana kila uzi kwenye kila freti usikie kama kuna unaokwaruza au kufa. Beba rula, beba karatasi. Muuzaji akikunyima hizo dakika kumi, rudi nyumbani na hela yako.

Nimeripoti polisi na nimepewa RB. Yule kijana ameniblok, lakini jirani yangu alitumiwa picha ileile ya khanga ya bluu Jumapili iliyopita, gitaa limekuwa laki mbili. Kama nawe ulinunua kwake, niandikie inbox twende pamoja. Na kama gitaa lako lina kichwa cha matundu mawili na nyuzi za chuma, zilegeze leo hii kabla daraja halijang'oka likamrukia mtoto usoni.