Semina ya kodi kwa asasi, Kirumba: sato mtamu, mwalimu kabania nusu ya stori

Kwa mlioniuliza kwenye grupu kama ile semina ya kodi ya asasi inafaa kulipia: nyota tatu kwa tano, na kama kikundi chenu ni cha utetezi weka tatu na nusu. Elfu 40 kwa kichwa, siku moja, chai na mchana humo humo. Ukumbi uko Kirumba, hapa Mwanza, ghorofani, jina la kampuni silitaji maana nina ya kusema. Viti vya plastiki, feni moja inazunguka kwa kusuasua, umeme ukakatika saa nne na jenereta ikagoma karibu saa nzima, tukawa tunamsikiliza mwalimu bila projekta na kiukweli hapo ndo alifundisha vizuri kuliko kwenye slaidi zake.

Mi nilienda na kisirani changu. Kikundi chetu ni cha kina mama wanaoanika dagaa, mimi mweka hazina, na kazi yetu kubwa ni kupiga kelele kuhusu ushuru wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, unaotozwa mara mbili mbili. Mwaka jana tulienda redioni tukasema yote, wiki mbili baadaye ikaja barua ya kodi. Basi kila mtu, siasa hiyo, kuna mkubwa katuma, tumeonewa. Na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Mwalimu akaanza na Marekani, nikajua tumekwisha, elfu 40 imeenda kuhadithiwa ya Obama. Kumbe hapo ndo palikuwa na nyama. Kule mamlaka yao ya kodi inaitwa IRS, na kuna vikundi vinasajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(4), vya ustawi wa jamii, havilipi kodi ya mapato na majina ya wafadhili hayatangazwi. Sheria inasema kikundi kifanye ustawi wa jamii TU, halafu kanuni ya 1959 ikaja ikalegeza, ikawa inatosha kama hiyo ndo kazi yake KUBWA, siasa kidogo ruksa. Sasa kubwa ni kiasi gani? Hapo kila ofisa na rula yake. Kuanzia 2010 maofisa wa IRS wa mji wa Cincinnati wakatengeneza orodha ya maneno ya kuvizia, jina la kikundi likiwa na Tea Party au Patriots faili linawekwa pembeni, wale wa mrengo wa kulia waliokuwa wanampinga Obama. Mwezi wa tano 2013 mkaguzi wa Hazina yao akatoa ripoti: maombi 296 ya vikundi aliyoyapitia, 160 yalikuwa bado yamekwama, kuna ya siku 206 na kuna ya siku 1,138. Miaka mitatu na ushee unasubiri karatasi! Na vikundi 27 viliulizwa habari za wafadhili wao.

Ilivyotoboka ndo ilinichekesha. Siku nne kabla ya ripoti kutoka, bosi wa kitengo cha IRS kinachopitia maombi hayo, Lois Lerner, yuko kwenye mkutano wa wanasheria, anaulizwa swali, anaomba radhi pale pale. Swali lenyewe lilipangwa! Yaani unamuandaa mtu akuulize ili upate pa kuungamia. Kaimu kamishna akajiuzulu, Lerner akaitwa bungeni akagoma kujibu, mwezi wa tisa akastaafu.

Mwalimu akafungia hapo. "Mnaona? Wakikuchukia kisiasa wanakuja na kodi." Makofi ukumbi mzima, na mimi nimo.

Sasa wakati nasubiri sato nikaperuzi simu. Kumbe stori ina nusu nyingine. 2015 Wizara ya Sheria yao ilifunga uchunguzi bila kumshtaki mtu, wakasema walichokuta ni uendeshaji mbovu, ushahidi wa jinai ya kisiasa hawakuupata. 2017 ofisi ile ile ya mkaguzi ikatoa ripoti ya pili, kwenye maneno ya kuvizia yalikuwemo pia Progressive na Occupy, hao ni wa kushoto kabisa. Na mwaka huo huo, Trump kashaingia, serikali ikaviomba radhi vikundi vya kulia na kumalizana navyo kesi. Kwa hiyo kila upande umeshika kipande chake cha samaki na unasema ndo samaki mzima. Canada ukienda ni kinyume, 2012 serikali ya Stephen Harper, ya mrengo wa kulia, ilitenga dola milioni 8 kukagua siasa za mashirika ya hisani na waliolia ni wa mazingira na wa kupinga umaskini, na 2018 mahakama ya Ontario ikakitupa kile kifungu cha sheria kilichowabana kwenye siasa.

Nikarudi nikanyoosha mkono, nikauliza mbona hii hukutuambia mwalimu. "Dada yangu, muda hautoshi." Muda wa kutusimulia safari yake ya Nairobi ulitosha! Nyota moja imeondoka hapo.

Sato sasa. Amekaangwa akakauka vizuri, ugali wa moto, pilipili ya kusaga, mchicha ulikuwa na mchanga kidogo. Chai ya saa nne sitaki kuizungumzia, chapati zilikuwa baridi kama za msiba wa jana.

Mchana ndo ulilipa hela yangu. Mama mmoja wa kule Igombe alikuja na risiti zake za EFD, zile za mashine ya kodi, za mwaka mzima kwenye mfuko wa unga, akazimwaga mezani, nyingi zimekuwa nyeupe pee! Wino umefutika wote, umebaki ukungu ukungu wa namba kwa chini. Kijana msaidizi wa mwalimu akazipanga moja moja kwa upole, akamwambia mama, ukipewa tu risiti ipige kopi siku hiyo hiyo, joto linaikula. Mama akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akawa anazirudisha kwenye mfuko kama anarudisha mayai.

Huyo kijana ndo nikampa barua yetu. Akaisoma mara mbili. "Dada, wanadai ritani za miaka miwili. Mlipeleka?" Ritani ndo zile fomu za kuwaeleza mapato yenu ya mwaka. Hatukupeleka. Sisi tulijua asasi hailipi kodi basi. Kumbe usajili wa NGO ni kitu kingine, lazima Kamishna akutambue kuwa wa hisani chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na inataja kupunguza umaskini, elimu, afya ya umma, maji, barabara. Kulalamikia ushuru hakumo. Nikamuuliza sasa sisi tunaangukia wapi, akasema jielezeni kwenye umaskini, ofisa ataamua. Ataamua! Cincinnati hiyo hapo.

Bado sijui kama ile redio ilihusika, wiki mbili ni wiki mbili bwana. Ila nitakwenda kulia kuonewa na faili ambalo halina hata ritani moja?

Awamu ya pili ni ya kujaza ritani mtandaoni, bei ile ile. Nitaenda, na nimeshamwambia yule mama wa Igombe tukae meza ya yule kijana.