Roshani ya vigae iliyovuja: grauti mpya haikusaidia, dawa ya chini ndiyo iliyokata maji

Kwa wenye roshani inayomdondoshea jirani wa chini: kazi ya kung'oa vigae, kurekebisha mteremko na kupaka dawa ya kuzuia maji naipa nyota nne kati ya tano. Kuchokoa grauti, ile saruji ya kwenye viungo vya vigae, na kuijaza upya peke yake naipa moja, na hiyo ni kwa sababu vijana walifagia vizuri walipomaliza.

Nyumba iko Ntinda, Kampala, ghorofa ya pili. Roshani ni kama mita tatu kwa tatu, imetazama magharibi, kwa hiyo jua lote la mchana ni lake. Mvua za Machi zikianza, dari la jirani linaota doa la njano, kisha chumvi nyeupe, kisha matone. Jirani ni mama mstaarabu wa kutoka Arua, hajawahi kunifokea. "Dada, maji yameingia tena," basi. Bora angefoka.

Kampuni ya kwanza ilikuja na jibu tayari: grauti imechakaa. Wakapitisha grainda kwenye viungo, wakajaza saruji nyeupe, juu yake wakapaka kimiminika cha kung'arisha. Ilipendeza kweli. Mvua za Septemba zilipokolea, nyufa nyembamba zikajitokeza pembeni mwa ukuta na matone yakarudi pale pale. Nilipowapigia, wakasema jengo "linacheza". Majengo yote yanacheza, ndiyo maana mtu analipa fundi.

Wa pili alipendekezwa na muuza vifaa wa karibu na soko la Nakasero. Amelelewa kambi ya jeshi Jinja, Kiswahili chake ni cha amri. Hakugusa grauti kwanza. Alitoa sarafu ya mia tano akagonga kigae kimoja kimoja, na robo hivi vikalia kama mtungi mtupu: vilibandikwa kwa madonge ya saruji kwenye pembe, katikati hamna kitu, maji yanakaa humo. Akamwaga ndoo ya maji. Yakaelekea mlangoni badala ya kwenye bomba la kutolea. Halafu akauliza swali ambalo wale wa kwanza hawakuuliza: mvua ikikatika, kwa jirani kunaendelea kudondoka? Ndiyo, hadi asubuhi. Akasema basi saruji yote iliyo chini ya vigae imeshiba maji, na grauti ya kawaida ya saruji hupitisha unyevu hata ikiwa mpya. Kizuizi chenyewe lazima kiwe chini ya kigae, na hapa hakikuwahi kuwekwa.

Niliuliza kama tunaweza kubandika vigae vipya juu ya vya zamani ili kuokoa gharama. Akakataa katakata: sakafu ingepanda kuliko kizingiti, mvua ya upepo ingeingia sebuleni.

Kazi ilifanyika Julai, mvua zikiwa zimepungua. Waling'oa mpaka kwenye zege, wakaziba ufa uliopita katikati, wakamwaga tabaka jipya la saruji lenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita. Dawa yenyewe ni ya sehemu mbili, unga na maji meupe mazito, inayobaki laini kiasi ikikauka ili isipasuke zege likitanuka kwa jua. Walipaka mkono wa kwanza, wakalaza kitambaa cha wavu kwenye pembe zote za sakafu na ukuta na kuzunguka bomba, kisha mkono wa pili wakaupaka kukingama na wa kwanza. Ukutani waliipandisha sentimita 15. Nguzo za reli ya ukingo wa roshani, ambazo zilitobolewa moja kwa moja kwenye zege, zilizungushiwa pia. Fundi alizishuku kuliko kitu kingine.

Kisha sehemu niliyoipenda kuliko zote. Waliziba bomba, wakajaza maji, wakayaacha saa 48 kabla ya kigae hata kimoja kurudi. Jirani alilala akitazama dari. Kavu. Fundi akikwambia jaribio hilo halina haja, tafuta mwingine.

Vigae vilibandikwa kwa gundi iliyotandazwa chini yote, viungo vikaachwa milimita tano, na pale sakafu inapokutana na ukuta hawakutia grauti bali silikoni, maana ndipo panapopasuka kwanza.

Gharama yote, vifaa na ufundi, ilifika shilingi milioni moja na laki nane. Ni mara kadhaa ya niliyolipa kwa ile grauti, nami sioni kama ni ghali ukihesabu kupaka dari la mtu rangi kila msimu.

Nyota iliyopungua? Saa mbili asubuhi kwa fundi huyu ni saa tano. Vifusi vilikaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akalalamika. Na grauti ya upande wa mlango imetoka nyeupe zaidi kuliko kwingine, kwa sababu kijana wake alizidisha maji katika mchanganyiko mmoja. Haivuji, lakini naiona kila nikianika nguo. Mvua za Septemba na za Machi zimepita zote mbili bila tone. Silikoni ameniambia niikague kila mwaka na kuibadilisha ikianza kubanduka.