Hita ya kuogea na mita ya LUKU, Mtwara
Hita niliyofungiwa bafuni hapa Shangani, yenye nguvu ya wati 5,500, hupasha maji papo hapo na haivuji, ingawa mngurumo wake unakera kidogo. Kuhusu umeme, uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa nzima. Kwa hiyo kuoga dakika 12 katika kiwango cha juu kabisa hula uniti 1.1, jambo ambalo mita ya LUKU huthibitisha ukisoma salio kabla na baada, mradi friji na pasi viwe vimezimwa. Kwa jua la Mtwara, ambalo hufanya maji ya tangi kuwa vuguvugu kufikia alasiri, kiwango cha chini kinatosha. Ninaipendekeza kwa wenye wazee au watoto wachanga; kijana mwenye afya, sioni haja.